Usiku niliojifanya fundi wa hita

Hii ilinikuta Januari, Minneapolis huku Marekani, theluji imeshuka toka ijumaa mpaka jumapili asubuhi haijapumzika. Mimi mtoto wa Tanga nikasema leo watanijua, nikachukua beleshi nikasafisha njia ya gari mpaka lami ikaonekana, theluji yote nairundika pembeni ukutani. Katikati ya kazi nikajipiga picha nimesimama juu ya rundo, nikatupia grupu la familia, nikamalizia na kulipigapiga likakaa kama limepigwa plasta. Watu wakamwaga emoji, shangazi wa Pangani akatuma voisi ya dakika 4. Sikuisikiliza, shangazi akianza salamu hata kuku wanajuliwa hali.

Usiku mama watoto ananiuliza mbona kama baridi. Themostati, kile kidude cha ukutani cha kupangia joto, tumeweka 70, inasoma 61, na nje ni minus 11, zote hesabu zao za Farenhaiti; hiyo minus 11 ni minus 24 ya kwetu. Nikashuka besimenti, chumba cha chini ya nyumba ilipo hita ya kupasha nyumba nzima joto, na tochi ya simu kama daktari bingwa.

Ubaya wa hita hizi za gesi zinakupa matumaini. Ile feni ndogo ya kutoa moshi inaanza kuunguruma vuuu, unasubiri kiwashio kiive chekundu... kimya. Kitaa ndani kinapepesa mara 3, kinapumzika, 3 tena. Karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango inasema mara 3 ni mambo ya swichi ya presha na bomba la moshi. Nikaisoma, nikaidharau, nikasema hii ni filta ya hewa tu.

Filta nikaichomoa, imeota manyoya kama paka. Nikaweka mpya, wapi. Nikaingia YouTube, mzee mmoja anasema kuna kijichuma kinachohisi kama moto umewaka, kisafishe. Nikazima umeme, nikakifungua, nikakisugua na stiliwaya kama sufuria ya ugali. Nikarudisha, nikawasha, sasa hata feni haiungurumi, hata kitaa hakuna. Jasho likanitoka humohumo kwenye baridi. Dakika 20 nzima ndo nakuja kugundua mlango wake nimeuegesha ukutani, na ile kitu ina kiswichi, mlango usipobana haifanyi chochote. Nikaubana. Vuuu. Kimya. Mara 3.

Hapo mama anapiga toka Tanga, kwao ndo kumepambazuka: "Kwani hamna jiko la mkaa mkawasha ndani?" Mama, nyumba za huku zimezibwa kila tundu, tukiwasha mkaa humu asubuhi unapigiwa simu ya msiba.

Ikabidi niite fundi. Jumapili usiku, kuja tu dola 189 kabla hajagusa kitu. Akaja kijana, akatazama kitaa, hakufungua hata skurubu moja, akaniuliza bomba zako za nje ziko wapi. Nikamwambia bomba gani? Akatoka, akazunguka nyumba, akasimama mbele ya rundo langu akalitazama mudaa. Halafu akaniomba beleshi. Langu mwenyewe.

Chini zikatokea bomba 2 nyeupe za plastiki, moja inavuta hewa, moja inatoa moshi. Kumbe feni inasukuma, moshi hauna pa kutokea, swichi ya presha inaona hapa pana hatari, inakataa gesi isifunguliwe. Yaani inatunusuru roho zetu na mimi niko chini naisugua na stiliwaya. Tuliporudi ndani ikawaka palepale, dakika 10 hazijafika. Kijana akanipa risiti, akasema ila kilima kilikuwa kizuri.

Saa 7 usiku niko kitandani na makoti mawili nasubiri nyumba ipate joto, nikafungua voisi ya shangazi, mtu ambaye theluji kaiona kwenye TV tu. Salamu, kuku, bei ya dagaa. Dakika ya 3 na ushee: "Halafu mwanangu, hivyo vibomba viwili vyeupe hapo miguuni pako, mbona wavifukia? Nyumba itapumulia wapi?"