Kikoi Hakina Mfuko

Ilikuwa Ijumaa ya kaskazi, jua lile la Mombasa la kukausha ng'onda kabla ya adhuhuri. Kibandani kwangu Majengo jasho lilikuwa likinitoka hadi kwenye kucha. Mezani palikuwa na televisheni ya zamani ya mgongo, inchi 21, na mwenyewe, Bi mmoja, amekalia kigoda anaingoja.

"Haiwaki hata kile kitaa chekundu, mwanangu. Imekufa maiti."

Mwanafunzi wangu ndiyo kwanza nimemsomesha: ukipima kitu chenye stima, mkono mmoja uwe mfukoni, maana stima ikiingia mkono huu na kutokea huu, njiani inapita moyoni. Kijana akaniangalia kiunoni.

"Fundi, kikoi chako hakina mfuko."

Nikamwambia ashike tochi.

Kazi yenyewe niliianza vizuri, naapa. Fyuzi nzima. Nikaichomeka televisheni kupitia balbu ya wati 60 niliyoiunga kwenye waya wa moto. Kungekuwa na shoti, balbu ingewaka ikabaki inawaka. Iliwaka mara moja, ikazimika. Nikapima miguu ya kapasita kubwa, ule mtungi wa kuweka akiba ya stima, wa mikrofaradi 220, volti 400. Mita ikasoma 336. Sawasawa kabisa: stima ya ukutani ni volti 240, ikishapita daiodi nne, vile vilango vya upande mmoja, na kujaa kapasitani hupanda hadi kilele chake, 240 mara 1.414, karibu 339. Basi moto unafika, ila saketi ya mbele haiuchukui.

Nikachomoa plagi, nikaipunga hewani mbele ya watu kama mvuvi aliyepata kole-kole. Mzee wa kahawa akapita na dele lake, nikapokea kikombe kwa mkono wa kushoto. Kwa mkono wa kulia nikaiinua bodi, ule ubao wa saketi, kiubavu nitafute nyufa kwenye risasi ya kuchomea. Kidole gumba kikatua mguu mmoja wa kapasita, cha shahada kikatua wa pili.

Lile halikuwa la kutetemeka. Lilikuwa pigo moja, kama kupigwa nyundo ya mbao ndani ya mfupa. Kiwiko kilirudi nyuma kikaangusha feni, vidole viwili tu kutoka shingo ya kioo cha televisheni; ingevunjika ile, maiti angekuwa maiti kweli. Kahawa nayo ikaruka ikamfikia jirani yangu, aliyekuwa amesimama mlangoni na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi na wanga, yuko njiani kwenda kusali.

"Bismillahi!" Bi akainuka. "Kwani si umeitoa ukutani?"

Kila mtu akawa fundi. Mmoja akauliza, si nimevaa kandambili? Kandambili hukinga stima inayotafuta ardhi kupitia miguuni. Hii ilitoka kidole ikaingia kidole, miguu haikujua kitu. Mwingine akanionyesha kikatishi cha miliampea 30 ukutani, mbona hakikuruka? Hakikuruka kwa sababu kazi yake ni kulinganisha stima inayokwenda na inayorudi kwenye waya za nyumba, na televisheni haikuwa hata imechomekwa. Niliyopigwa nayo ilikuwa akiba: kama jouli 12, hazichemshi hata kikombe kile cha kahawa, lakini hutoka zote kwa mpigo, na kwa vidole vilivyolowa jasho zilipata mlango wazi.

Kilichoniudhi ni kwamba sababu nilikuwa naijua. Televisheni nzima ukiichomoa huendelea kidogo, ikanywa kile kilichobaki kapasitani. Hii ilikuwa na rezista ya kuwashia, kipande kinachopunguza stima, iliyokatika, basi mtungi umejaa na hapana mnywaji. Mbovu ndiyo ya kuogopwa. Na kikombe cha kahawa ndicho kilichonisitiri: kisingekuwa mkono wa kushoto, mkono ule ungekuwa umeshika upande wa pili wa bodi.

Kijana akasema mafundi wengine huimwaga kapasita kwa kugusisha bisibisi miguu yake miwili. Ndiyo, na wanang'oa njia za shaba kwenye bodi, na ncha ya bisibisi inabaki na shimo, na cheche inarukia machoni. Nikatoa rezista ya kilo-omu 2.2, wati 10, nikaichomea waya mbili zenye klipu za mamba zilizofunikwa plastiki, mwili wake nikauvika mpira. Ukibana klipu kwenye miguu miwili ya kapasita ile, sekunde mbili na nusu zatosha kuimwaga. Mimi sasa nahesabu kumi. Plagi iwe nje kwanza, ukiibana na stima ipo rezista itaungua.

Kisha pima, na hapa ndipo wengi huponzeka. Ncha nyeusi ya mita iwekwe mguu hasi wa kapasita yenyewe. Ukiiweka kwenye kile kibati cha antena, mita yaweza kukuambia sifuri na kapasita imejaa tele, kwa kuwa pande hizo mbili hazina ardhi moja. Mita nayo ijaribiwe kwanza kwenye betri, isije ikawa sifuri ni ya waya iliyokatika. Chini ya volti 10, gusa. Klipu huwa naziacha palepale hadi nimalize kuchomea.

Rezista mpya haikufika bei ya andazi. Televisheni ikawaka, Bi akaenda zake akinitazama kwa huruma. Jirani alisali kwa kikoi changu cha akiba.

Jioni nikampelekea fundi cherehani kile nilichovaa, nikamwambia anishonee mfuko upande wa kushoto.

"Mmoja tu?"

"Mmoja tu. Wa mkono."

Akakigeuzageuza kikoi. "Na simu utaweka wapi?"