Marehemu Aliyeondoka na Maji

Chanzo ni dada yangu. Nilimpa asome sura saba za riwaya yangu ya upelelezi, riwaya ya kuchekesha, ya kimji cha pwani ambako watu wanajuana mpaka idadi ya viraka vya shuka. Katika sura ya saba karani wa bandari, mpole, mwembamba, anamuua bosi wake na kumburuta usiku hadi ufukweni ili bahari imalizie kazi. Dada akanirudishia makaratasi na mstari mmoja pembeni: "Kaka, huyu karani wako hata kalamu inamwelemea. Maiti ya kilo 70 ataiburutaje?"

Mwenye akili angemnenepesha karani. Mimi nikaamua kufanya majaribio. Agatha Christie, yule Mwingereza wa riwaya za upelelezi, alizijua sumu kwa sababu alifanya kazi kwenye chumba cha dawa cha hospitali wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na riwaya yake ya kwanza ilipotoka mwaka 1920, jarida la wafamasia likamsifu kwamba ameandika sawasawa. Nami nilitaka kusifiwa, japo na wabeba mizigo.

Marehemu nilimuundia uani, mke wangu akiwa safarini. Lita moja ya maji ni kilo moja, hesabu haina ubishi: madumu matatu ya lita 20 yakawa kiwiliwili, mawili ya lita 5 yakawa miguu. Nikayakaza kwa kamba, nikashindilia matambara kila palipobonyea, nikamvika suti niliyofungia ndoa, maana nyingine sina. Mikono ilikuwa matambara matupu yenye glavu za kuoshea vyombo. Kichwa ndicho kilichonisumbua. Watoto wa jirani wana mpira, na siku hiyo mpira ulikuwa umelala upande wangu wa ua. Nikauazima. Sawa, sikuuazima; watoto walikuwa wamelala. Nikauvisha foronya, juu yake kofia, nikaifunga kwa kamba chini ya kidevu ambacho hakikuwepo. Niliposogea nyuma kumtazama, nusura nimwamkie.

Mpango ulikuwa safi. Jedwali la maji lilisema yanajaa kabisa saa 10:40 alfajiri. Ningemfikisha Marehemu kwenye ukingo wa maji muda huo, kisha maji yapwe, yamwache mkavu, nami nimrudishe kwenye mkokoteni kabla watu hawajaamka. Ila jedwali nililosoma lilikuwa la jana yake. Bahari haifuati saa ya ukutani, inafuata mwezi: kutoka kujaa hadi kujaa tena zinapita kama saa 12 na dakika 25, kwa hiyo kila siku maji yanachelewa kiasi cha dakika 50. Mtoto yeyote wa mvuvi anajua. Hata mimi nilijua! Ndilo kosa linalomnasa karani wangu katika sura ya tisa, na nilijipongeza sana nilipolibuni. Halafu ilikuwa siku ya pili baada ya mwezi mpevu, bamvua lenyewe, maji yanapopanda kuliko kawaida.

Nilimshika Marehemu makwapani, nikamvuta kinyumenyume. Visigino vyake vilichora mifereji miwili mchangani, imenyooka kama reli, kutoka kwenye mkokoteni hadi miguuni pangu. Askari angeweza kuifuata amefumba macho. (Hili kwenye riwaya sikuwa nimelifikiria kabisa.) Kila hatua tatu niliporomoka nikakaa, naye akanikalia mapajani, kofia yake ikinitekenya pua, maji yakimgugumia tumboni kama mtu aliyetoka kula. Mita 40 zilinichukua dakika 34. Nikaandika daftarini: "Sura ya 7. Kumburuta kabla watu hawajaamka. Dakika 34. Peke yake haiwezekani. Kiuno."

Nikamlaza ukingoni, nikarudi kwenye mkokoteni kufuata futi ya kupimia. Kiuno kikagoma. Nikajinyoosha chali dakika mbili tu.

Nilipoinua kichwa kumeanza kupambazuka na Marehemu hayupo. Ule ubishi wa lita na kilo ulikuwa umenisahaulisha jambo moja: maji ya bomba ni mepesi kuliko maji ya chumvi. Dumu la maji matamu, ukilifunga vizuri, linaelea. Na mpira ndio usiseme. Maji yalikuwa yamepanda, yakamnyanyua, sasa yanapwa naye, kofia juu, mkono mmoja ukipunga taratibu kwa kila wimbi.

Mashua ya wavuvi ilikuwa ikirudi.

"Mtu! Mtu majini!"

Nikakimbia ufukweni nikipiga kelele. "Mwacheni! Huyo ameshakufa!"

"Tangu lini?" akauliza mzee aliyeshika usukani.

"Tangu sura ya saba!"

Wakatazamana. "Wewe umejuaje?"

"Nimemleta mimi!"

Kijana mmoja, kifua kama mlango, alikuwa amekwisha kujitosa. Akaudaka mkono, akavuta, mkono ukabaki kwake. Sijawahi kusikia ukelele mwembamba vile ukitoka kwenye misuli minene vile. Mwenzake akajitosa kumsaidia, akakumbatia kichwa. Kichwa kikachomoka kwenye foronya, kikazama, kikaibuka kwa kishindo na kumgonga kidevuni. Ndani ya mashua, mtu wa tatu alikuwa amepiga magoti anaungama habari za nyavu za mwenzake zilizopotea, habari ambazo hakuna aliyemuuliza. Mwenye nyavu alikuwa pembeni yake, na kwa dakika kadhaa Marehemu wangu alisahaulika kabisa.

Kituoni nilikaa mbele ya afande mmoja mtu mzima, mwenye miwani. Kati yetu suti ilikuwa inachuruzika. Alisoma daftari langu bila haraka, akilamba kidole kila ukurasa.

"Unasema ni kitabu."

"Ndiyo, afande. Waandishi ndivyo tulivyo. Mwaka 1926 Agatha Christie alipotea siku 11, Uingereza nzima ikamtafuta, kumbe yuko hotelini."

"Huyo Agatha yuko wapi sasa?"

"Alifariki mwaka 1976."

Akaandika. "Naye ulimburuta?"

Nikaona heri ninyamaze. Aliendelea kusoma. Ukurasa wa nne akainua macho. "Hapa juu umeandika riwaya ya kuchekesha."

"Ndiyo, afande."

"Kichekesho kiko ukurasa wa ngapi?"

Niseme ukweli, mpaka hapo sikuwa nimeogopa. Kufungwa ningevumilia. Nikamwonyesha ukurasa wa pili, mahali bosi wa bandari anapoteleza kwenye samaki wake mwenyewe. Akausoma mara mbili, akamwita mwenzake, naye akausoma. Wakarudi kwangu na nyuso za watu wanaotoka kumwona mgonjwa.

"Na muuaji ni karani," akasema.

"Umejuaje?"

"Umeanza naye mstari wa kwanza, 'karani mpole asiyeweza kuua hata nzi.' Mimi nina miaka mingi kazini."

Nikajitetea kwa padri Ronald Knox, aliyeweka kanuni kumi za riwaya za upelelezi mwaka 1929, ya kwanza ikiwa mhalifu atajwe mapema. Afande akasema mapema si mlangoni. Kisha akanieleza, bila kuombwa, kwamba karani angetumia mkokoteni mpaka majini, kama nilivyoanza kufanya mwenyewe kabla sijajitia ujuzi, na alama za magurudumu mwishowe zingefutwa na maji. Nikamwomba kalamu. Akanipa.

Waliniachia saa nne, baada ya dada yangu kuja na sura zote saba kama ushahidi na kuwathibitishia, kwa furaha nisiyoisahau, kwamba haya ndiyo mambo yangu. Suti ilibaki kama kielelezo. Mke wangu hajaiulizia, nami sina sababu ya kumkumbusha.

Kabla ya kutoka niliwekeshwa sahihi kwenye taarifa ya tukio. Ilikuwa ukurasa mmoja na nusu, mwandiko wa kulala, bila hata mzaha mmoja. Nilicheka mpaka dada akanishika bega. Sentensi ya mwisho nimeinakili, imebandikwa juu ya meza yangu: "Mkono wa marehemu haujapatikana, kichwa kimekabidhiwa kwa watoto wa jirani, kwa kuwa kimetambuliwa kuwa ni mpira wao."