Nilivyojipiga Ngwala Mwenyewe

Nilichoka kuitwa mchezaji mwenye subira. Kwenye klabu yetu ya sataranji, mtu akikuita hivyo ana maana kwamba unachosha. Michezo yangu ilikuwa mirefu, mikavu, na mara mbili nilimkuta mtazamaji amelala. Ndipo nikaamua kubadilika niwe mtu wa kuogopwa. Nikajifunza gambiti.

Kwa asiyejua, gambiti ni ufunguzi ambao unamtoa askari wako aliwe mapema, kwa makusudi, ili kete zako kubwa zipate njia. Neno lenyewe limetokana na Kiitaliano, gambetto, na maana yake ni kumtega mtu mguu aanguke. Yaani ngwala. Hilo lilinipendeza kupita kiasi. Usiku ule nililala nikijiona mtu ambaye hachezi tena sataranji, bali anapiga watu ngwala.

Zipo gambiti za kiungwana, unatoa askari mmoja na mambo yakikaza unamrudisha. Mimi nikaiendea ya Denmark. Hii haina adabu. Safu za ubao zina herufi a mpaka h, na nyumba za kila safu zina nambari 1 mpaka 8. Mweupe anasukuma askari wa e nyumba mbili, mweusi naye vivyo hivyo. Mweupe anasukuma wa d, analiwa. Anasukuma wa c, analiwa. Anamtoa askofu wake mpaka c4 kana kwamba nyumbani hakuna msiba, na askari wa b naye analiwa. Hapo ndipo askofu wa pili anapomla yule mlafi pale b2, na ukihesabu umebaki nyuma kwa askari wawili. Lakini tazama ubao! Maaskofu wote wawili wamefunguka, mmoja anailenga g7, mwingine anailenga f7, nyumba ambayo mwanzoni mwa mchezo hailindwi na yeyote ila mfalme mwenyewe. Mdenmark Martin Severin From aliicheza Paris mwaka 1867, na baada yake wapenda mashambulizi wengi waliipapatikia. Nikajiambia, kama wao waliweza kumwaga askari namna hiyo wakaitwa mashujaa, mimi ni nani nibane?

Kwa mazoezi nilihitaji mtu wa kukaa upande wa weusi. Nikamshika mdogo wangu wa kike, ambaye sataranji anaijua kwa kiwango cha kuzitambua farasi. Kwa wiki tatu alikuwa adui yangu kila jioni.

"Kula hapo," namwambia.

Anakula.

"Kula na huyu."

Anakula.

"Sasa huyu wa b."

"Kaka, mbona unanilisha hivi?"

Basi baada ya hapo namshambulia mpaka mfalme wake anakosa pa kujificha. Nilimshinda michezo 31 mfululizo. Niliiandika yote daftarini, pamoja na alama za mshangao pembeni ya hatua zangu.

Jioni moja tu ndiyo alinisumbua. Tulikuwa tumefika pale pale pa siku zote, maaskofu wangu wamekaa vizuri, akaweka kidole juu ya askari wake wa d. "Na nikimsukuma huyu wa katikati, nyumba mbili?"

Nikacheka. Cheko la mwalimu. "Hakuna mtu anayemsukuma huyo," nikamwambia. "Rudisha mkono. Toa farasi."

Akatoa farasi. Nikamshinda.

Siku ya mashindano ikafika. Raundi ya kwanza nikapangiwa weusi, na ya weusi sina la kusimulia. Raundi ya pili nikapewa weupe. Mpinzani wangu alikuwa bwana mmoja mtu mzima, mpole, mwenye mafua ya kutisha. Ameshika kitambaa mkono wa kushoto, anaandika hatua kwa mkono wa kulia, na macho yanamtoka machozi tangu kabla hatujaanza. Nilimwonea huruma, kisha nikaikandamiza ile huruma. Wapiga ngwala hawana huruma.

Nikasukuma e. Akasukuma e. Nikasukuma d, akala, akapiga chafya. Nikasukuma c, akala, akapiga chafya mbili. Askofu c4. Akala wa b. Nikala kwa askofu wa pili, nikaegemea kiti, nikakunja mikono. Kila kitu kilikuwa kama daftarini. Kasoro chafya.

Yule bwana akafuta pua, akautazama ubao kidogo, akamsukuma askari wa d nyumba mbili.

Yule wa katikati.

Nilihisi kitu kama mtu amefungua dirisha nyuma ya shingo yangu. Lakini askari alikuwa pale d5, ananitazama, wa bure, na mimi nina askofu wa kumla. Nikamla. Mara akaruka farasi mpaka f6, anamtisha yule askofu wangu. Na hapo, ndugu msomaji, nikaona kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuona juu ya nyumba zile 64.

Malkia wangu alikuwa d1. Malkia wake d8. Kati yao kasimama askofu wangu tu. Nikimrusha askofu mpaka f7 na cheki, yaani kumtishia mfalme, njia inafunguka. Mfalme wake hana budi kujibu cheki, na akimla askofu, anatoka pembeni ya malkia wake, anamwacha hana mlinzi. Nilikagua mara tatu. Nikamrusha askofu. "Cheki." Akala kwa mfalme. Nikamchukua malkia wake, nikambonyezea saa kwa kishindo kilichowageuza watu wa meza tatu.

Bwana yule akainamisha uso kwenye kitambaa chake. Mimi nikadhani analia. Nusura nimwambie pole.

Sasa, mtu aliyemla malkia wa mwenzake katika hatua ya nane hawezi kukaa kitini. Nikainuka kwenda kunywa maji, ingawa kiu sikuwa nayo. Pale kwenye maji walikuwepo jamaa zangu watatu wa klabu, waliokwisha maliza michezo yao. Kanuni haziruhusu kuzungumzia mchezo unaoendelea, na mimi mtu wa kanuni, kwa hiyo sikufungua mdomo. Nilijichorea tu taji kichwani kwa vidole, kisha nikapitisha kidole shingoni, polepole, kutoka sikio hadi sikio. Wakaelewa. Mmoja akanipa mkono. Nikanywa bilauri mbili za maji ya ushindi, nikarudi natembea kama mtu anayekagua shamba lake.

Askofu wake wa f8 hayupo f8. Yuko b4. Cheki.

Nikafanya kile anachofanya mtu yeyote akisikia mfalme wake katishiwa. Nikamshika mfalme.

Nilikuwa nimeshamwinua usawa wa kidevu nilipoona mengine. Mfalme wake alikuwa amekwisha toka e8. Farasi alikwisha toka g8. Askofu ndiyo huyu katoka f8. Kwa maneno mengine, yule ngome wa h8, ambaye tangu asubuhi hakuwa amepumua, sasa alikuwa na njia nyeupe mpaka d8, na pale d8 alikuwa amesimama malkia wangu, peke yake, bado anashangilia.

Nikaona pia dawa. Malkia anarudi d2, anaziba cheki, analiwa na askofu, nami ninamla askofu huyo kwa farasi. Nikihesabu kete, tuko sawa kabisa. Dawa ilikuwa rahisi. Tatizo lake moja tu, ilihitaji niwe nimemshika malkia.

"Nasawazisha," nikasema.

Bwana mwenye mafua akainua mkono. Mwamuzi akaja, akautazama ubao, akanitazama mimi, akamtazama mfalme aliyekuwa bado hewani.

"Unasawazisha nini?"

"Mfalme."

"Alikuwa amekaa vibaya?"

"Kidogo."

"Neno hilo husemwa kabla ya kugusa," akasema, kwa upole ule unaouma kuliko ukali. "Ukishagusa, cheza. Mfalme ana pa kwenda?"

Anapo. Alikuwa na nyumba tatu: d1, e2 na f1. Na katika zote tatu malkia wangu anakufa, tena anakufa bure. Mtu mwenye akili angechagua moja akamaliza. Mimi nilifikiri kwa dakika 22. Sijui nilichokuwa nakitafuta. Nadhani nilitumaini ngome ya h8 itasahau.

Katikati ya dakika hizo wakaja wale jamaa watatu, wamejaa furaha, wamekuja kuona mauaji niliyowaahidi. Wakapanga mstari nyuma ya kiti changu. Nikapeleka mfalme e2, maana palifanana na mahali ambapo mtu anakwenda kwa sababu fulani. Ngome ikateleza, ikamchukua malkia. Nyuma yangu pakawa kimya. Nilipogeuka, yule aliyenipa mkono akajichorea taji kichwani, akanyanyua nyusi. Nikageuza uso ukutani.

Nilikuwa nyuma kwa askofu mzima, askari wangu wa e naye anatishwa, na mfalme wangu amesimama barabarani kama mgeni aliyepotea. Shambulizi nililolisomea wiki tatu halikuwepo tena. Nikadumu hatua nyingine kumi na tisa kwa kiburi tu, nikamlaza mfalme, nikatoa mkono.

Yule bwana alikuwa mkarimu, na hapo ndipo aliponimaliza. Akaniketisha, akazipanga kete upya, akaniambia ile hatua ya d5 ni ya miaka mingi, inaitwa Kinga ya Schlechter, na kila anayeicheza gambiti ya Denmark hukutana nayo siku ya kwanza. Ningemrudisha malkia d2, akasema, tungeingia mwisho mkavu usio na malkia, mrefu, wa subira. "Mchezaji mwenye subira hapo angepata sare bila shida," akasema, akapiga chafya. Nikaitikia kwa kichwa.

Nilipofika nyumbani nilimsoma huyo Schlechter. Carl Schlechter wa Vienna. Mwaka 1910 alicheza michezo kumi na bingwa wa dunia Emanuel Lasker, na mwisho wake ilikuwa 5 kwa 5. Mtu mpenda sare kama nini! Na jina lake, kwa Kijerumani, ni neno lenye maana ya "mbaya zaidi". Nililitazama jina hilo kwa muda mrefu.

Siku ya tatu nikaamka koo linawasha, pua imeziba. Zawadi pekee niliyotoka nayo mashindanoni. Mdogo wangu akaingia chumbani na daftari langu, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Kaka, hujaniambia. Uliwapiga?"

"Alimsukuma yule wa katikati," nikasema.

Akafungua daftari, akafunua kurasa taratibu, akatafuta jioni ile, akaweka kidole.

"Huyu hapa? Huyu ambaye hakuna mtu anayemsukuma?"

Nikapiga chafya.