MRI ya vali za moyo: tudai mililita, si picha nzuri

Vali iliyosinyaa kwa homa ya baridi yabisi, ugonjwa ambao bado umejaa Afrika Mashariki, tuiachie eko, kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti. Eko huona vali ikifunguka na kufunga papo hapo, wakati MRI, mashine ya picha za sumaku, mara nyingi husoma kasi ya damu kwenye tundu jembamba chini ya ilivyo. MRI iitwe kuhesabu damu inayovuja, hasa mkondo unapoparuza ukuta wa atiria, chemba ya juu ya moyo, na eko ikababaika.

Hesabu yenyewe ni ya kutoa tu. Ventrikali ya kushoto, chemba inayosukuma damu mwilini, ikijaa ina mililita 250, ikibana inabaki na 100: imesukuma 150. Mkondo wa aota, mshipa mkuu utokao moyoni, ukipimwa juu kidogo ya vali yake, ni 90. Zile 60 zilizokosekana zimerudi kupitia vali ya mitra, iliyo kati ya ventrikali hiyo na atiria, na kuanzia 60 uvujaji huhesabiwa kuwa mkali.

Sasa tazama 60 hizo zinavyopotea kwenye hesabu. Ventrikali hupigwa picha kwa vipande, tuseme vya milimita 8. Moyo ukibana, kipande cha juu kabisa huwa kimeshaangukia ndani ya atiria. Ukikizungushia mstari kana kwamba bado ni ventrikali, nacho kina kipenyo cha sentimita 5, umeongeza karibu mililita 16 kwenye zile 100. Uvujaji unashuka hadi 44, na mtu aliyestahili kujadiliwa upasuaji anaambiwa arudi mwakani.

Kosa la upande wa aota halionekani kwa macho. Mashine ikizidisha kasi kwa sentimita 1 tu kwa sekunde, kwenye aota iliyotanuka hadi sentimita 4 na mapigo 60 kwa dakika, hizo ni mililita 12 au 13 kila pigo. Aota ikae katikati ya sumaku, na mgonjwa akishashuka, lipigwe picha kopo la jeli, isiyosogea, kwa mipangilio ileile ili kosa litolewe. Foleni ikiwa ndefu, dakika hizo ndizo za kwanza kurukwa, na inauma.

Kikomo cha kasi ambayo mashine inawekewa kusoma kianze sentimita 150 kwa sekunde. Doa jeusi likitokea katikati ya mkondo mweupe, damu imekipita. Panda 200, urudie. Ukianza na 400, kelele zitameza usomaji.

Vali ya aota nayo ikivuja, chukua damu iliyokwenda mbele peke yake. Ukitumia iliyosalia baada ya nyingine kurudi, uvujaji wa aota utabebeshwa mitra.