Chumba changu kina mteja, mimi ndio sina taarifa

Hivi jamani ni sheria gani inaruhusu dalali kuingiza mteja chumbani kwako wakati wewe mwenyewe umo ndani na msuli unakula ugali?

Nasikia hodi, sijaitika pazia limeshafunguliwa, dalali huyu hapa, nyuma yake kijana na begi lake la laptop. Salamu hakuna. "Broo chumba ndio hiki, jipsamu mpya, tailizi mpya, lami ipo hapo nje bajaji inakushusha mlangoni, usiku taa ya barabarani inamulika mpaka kitandani, umeme wa LUKU hata hutumii." Kijana anapiga picha dari, anapiga picha dirisha, nadhani na dagaa wangu wamo. Mimi nimeshika tonge, nimetulia kiutu uzima, nasubiri nitambulishwe. Kijana ndio akaona aibu, "Shikamoo mzee." Marahaba baba, karibu chakula. "Mbona unahama sehemu nzuri hivi?"

Nahama?

Dalali akadaka, "Mzee kajenga Chanika, anahamia kwake." Mimi! Chanika nilienda msibani, tena nikarudi siku hiyohiyo. Ila neno "kajenga" lina utamu wake bwana, nikajikuta nanyoosha mgongo, nasema eeh, bado kumaliziamalizia tu.

Kijana akauliza choo. "Cha nje ila cha kisasa, cha kuflashi." Kuflashi kweli, unaflashi na ndoo, lile tangi halijawahi kuonja maji. Wapangaji? "Wachache, watulivu." Hapohapo mtoto wa chumba cha pili akaangua kilio, akafuata wa chumba cha tatu, na mama mmoja uani anaulizia nani kaanua kanga yake. Na kodi? "Laki tu kwa mwezi, unalipa miezi sita, na wangu mmoja wa udalali."

Utu uzima ukaishia hapo. Laki? Chumba hikihiki ninacholipa sitini? Nikamwambia kijana hicho jipsamu unachopiga picha, juu yake usiku panya wanacheza Simba na Yanga, na masika hapa Tandale Kwa Mtogole tulikuwa tunapandisha godoro juu ya meza! Dalali anacheka, "Hayo ya zamani mzee, Mto Ng'ombe uliokuwa unafurika si umejengwa?"

Na kweli umejengwa, ndio kinachoniuma. Miaka yote maji yanaingia ndani mwenye nyumba hatumuoni, kodi anatumiwa kwa simu, nyumba tunaziba wenyewe. Umekuja ule mradi wa kuboresha jiji la Dar, DMDP, wa mkopo wa Benki ya Dunia, Tandale ikapata mitaro na lami na taa, na mzee wa watu akakumbuka njia ya kwake! Kila wiki yupo, anagonga ukuta, anapima uani kwa hatua, kavaa na kofia ya kihandisi sijui kaazima wapi. Sinza kule viwanja vilipimwa tangu miaka ya 1970 wakatulia zao, sisi tumefikiwa na lami uzeeni tunaambiwa tupishe.

Halafu kodi ya jengo. Tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, ilianza buku kwa mwezi ikaja buku jero, sasa anayenunua umeme nani? Mimi. Jengo la nani? Nikimgusia mwenye nyumba anakumbuka yuko kwenye swaumu.

Wanaondoka dalali kanirudia peke yake, kwa sauti ya chini, "Mzee kama unatafuta, Kivule kuna cha arobaini, nipe kumi tu ya kuonyeshwa." Yaani ananitoa kwangu na nauli ya kutoka nimlipe mimi!

Na chapati ya mama wa kona nayo imepanda. Namuuliza kulikoni, ananijibu lami imekuja, vumbi hakuna, sasa hivi unakula chapati safi. Ya zamani je, tulikuwa tunalipia unga au mchanga? Haya, wananiita huko, umeme umekata na eti zamu ya kununua ni yangu, wakati chumba cha tatu ndio wana friji.