Bloku ya Subaru na karatasi ya namba 24

Jana jioni nimechukua bloku yangu ya EJ20, yaani mwili wa injini ya Subaru, kutoka karakana moja hapa karibu na Coventry, Uingereza, na kabla hata sijaifunua yule mzee wa mashini akanipa karatasi. Karatasi moja tu, imeandikwa kwa mkono, ina alama ya kidole cha oili pembeni. Silinda nne, kila moja imepimwa juu, katikati na chini, na kila mahali mara mbili, kufuata krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) halafu kuikingama, jumla namba 24. Chini yake saizi ya kila pistoni na nafasi iliyobaki kati ya pistoni na ukuta. Tatu ni 0.08 ya milimita, ya nne 0.085 na amezungushia duara, akaniambia silinda ya 4 kwa hizi Subaru ndiyo hupata joto sana kwa hivyo ameiachia kidogo makusudi.

Nimekaa kwa gari nikaisoma hiyo karatasi mara tatu kabla sijawasha. Na wacha niseme ukweli, roho iliniuma, kwa sababu nilikumbuka bloku nyingine kama hii, Nakuru, 2016.

Wenye Subaru mnajua vile hii story inaenda. Nilikuwa nimeweka pesa ya miaka miwili, nimeagiza pistoni za foji, zile za kufuliwa, za kipenyo cha milimita 92.5, nikapeleka kwa fundi ambaye mji mzima unamjua. Siku ya kuchukua nikauliza kwa heshima, mzee, klieransi, hiyo nafasi ya pistoni na ukuta, umeacha ngapi? Akaniangalia vile mzee huangalia mtoto amekosa adabu. "Kijana, mimi nimekata injini kabla hujazaliwa. Iko sawa, enda ufunge." Na mimi nimelelewa, nikasema asante mzee, nikalipa, nikaenda nikafunga. Mwezi wa tatu nikipanda kutoka Salgaa kuelekea Mau Summit gari ikakaza. Kufungua, pistoni ya nne imechubuka pande zote mbili kama imepigwa msasa. Kuja kupimwa na mtu mwingine mwenye bore geji, kipimo cha ndani ya silinda, zile silinda ambazo hazikuchubuka zilikuwa na 0.03. Hiyo ni nafasi ya pistoni za kiwanda. Pistoni za foji, hasa zile za aluminiamu ya 2618, zinanenepa zaidi zikipata joto, lazima uziachie nafasi kubwa, na kampuni inaandika kabisa kwa karatasi inayokuja ndani ya boksi. Tunaongea juu ya tofauti ya 0.05 ya milimita, nyembamba kuliko unywele wa kichwa chako, na hiyo ndiyo ilimeza miaka yangu miwili.

Sasa nasikia mmeanza. Ati ameenda majuu ameanza kudharau mafundi wetu. Ngojeni kwanza.

Mashini ya kuhoni, yaani kusugua ukuta wa silinda mpaka saizi, ya huyu mzee wa Coventry ni kuukuu kuliko mimi. Nakuru nimeona mashini nzuri kuliko hiyo, kwa macho yangu. Na ufundi msiniambie, mimi ndiye niliona Peugeot 504 pikapu ya baba, ile ilibeba waru (viazi) kutoka Molo mpaka chasisi ikapinda, ikifunguliwa injini chini ya mti na kufungwa bila kitabu, na ikarudi Molo wiki hiyo hiyo. Kuna fundi pale alikuwa anasikia beringi imeanza kulia gari ikiwa bado kwa geti. Huku sijapata mtu wa masikio kama hayo, na hakuna mtu atanishawishi wapo.

Lakini hiyo 504 ndiyo ilituharibu pia, nimefikiria sana hii kitu. Injini ya 504 ina laina za kuchomoa, yaani kuta za silinda zinatoka. Unanunua seti, laina na pistoni zake zimeshalinganishwa kiwandani, unatoa za zamani unaweka mpya, hakuna kukata, hakuna kupima sana. Baba zetu na mafundi wao walikaa miaka mingi na injini ya aina hiyo, na neno "iko sawa" lilikuwa kweli kwa sababu kuna mtu kiwandani alikuwa amepima tayari. Subaru si hivyo. Bloku imegawanyika mara mbili, lazima ifungwe pamoja kwa torki yake, nguvu ya kukaza bolti, kabla haijakatwa, na ukuta wa silinda unapinda kidogo hedi, kifuniko cha silinda, ikikazwa, ndiyo maana fundi makini hufunga torki pleti, ile sahani nene ya chuma, mahali pa hedi, anakaza bolti sita kila upande kama injini iko tayari, ndio anahoni. Ukihoni bila hiyo, silinda ni duara kwa meza yako lakini hedi ikikaa si duara tena, na ringi haijui ulikuwa na nia nzuri.

Na huku pia si mbinguni. Karakana ya kwanza niliyoenda ilikuwa na vikombe na picha za magari ya mashindano mpaka kwa choo. Nikauliza torki pleti, jamaa akasema hizo ni mbwembwe, yeye hajawahi kuhitaji. Nikaaga. Huyu wa pili hakuwa na picha hata moja, lakini kabla sijamaliza salamu akaniuliza, pistoni umekuja nazo? Sikuwa nazo. Akakataa kugusa bloku. Akasema kila pistoni anaipima kwanza yeye mwenyewe, halafu silinda inakatwa kuifuata, na nilete pia zile stadi (bolti ndefu) za hedi nitakazotumia kwa sababu stadi nyingine zinavuta bloku tofauti. Nilikasirika, nikaendesha kilomita zangu 40 kurudi nyumbani. Hapo ndipo nilijua nimepata karakana, mtu anayekuuliza maswali mengi kuliko unayomuuliza, hata kama baadaye alinikalisha wiki saba na hataki nivuke kaunta ati mambo ya bima, kitu ambacho mpaka leo kinanikera, Nakuru ungekaa kwa jerikeni kando ya leth, mashini ya kukereza chuma, na chai yako ukiona kila kitu.

Mwingine ataniambia hizo desimali ni za wazungu, sisi barabara zetu na vumbi letu hazitaki hayo. Bro, ni kinyume kabisa. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, hewa ni nyembamba, tabo, ile pampu ya kusukuma hewa ndani ya injini, inafanya kazi zaidi kupata presha ile ile na hewa inaingia ikiwa moto zaidi. Ongeza mlima, ongeza vumbi linalokula ringi. Huyu mzee wa Coventry, kwake ni tambarare na mvua, ndiye angeweza kusamehewa kukisia. Sisi hapana. Na tusijifanye magari haya ni wageni kwetu, Patrick Njiru, dereva wetu wa rali, alimaliza Safari Rally ya 1994 nafasi ya nne na Impreza, hiyo ni zaidi ya miaka 30 tunaipenda Subaru, miaka 30 inatosha kununua daftari.

Usiku nikapigia yule mzee wa Nakuru. Ndiyo, huyo huyo, hatujawahi kukosana, nampigia kila Krismasi. Nikamsomea namba zangu zote, najivunia kama mtoto wa shule. Akasikiliza mpaka mwisho halafu akauliza, alipima asubuhi ama mchana? Sikujua. Akaniambia pistoni ikikaa kwa jua inanenepa, digrii kumi tu zinatosha kukudanganya 0.02 ya milimita, ndiyo maana wao bloku na pistoni zinalala pamoja ndani ya stoo na wanapima alfajiri kabla mabati hayajashika moto.

Nikashindwa nicheke ama nilie. Nikamuuliza, sasa mzee kama haya yote unajua, yangu ilienda aje?

"Wewe bloku uliniletea Jumatano ukasema una haraka. Pistoni zikakuja Ijumaa."

Ni kweli. Niliiacha Jumatano, nikampigia mara mbili Alhamisi kumharakisha. Na angekataa kuikata mpaka azione hizo pistoni, ningesema ana maringo nikaipeleka kwa jirani yake.