Umbali ndani ya debe: ruta tupime mezani ama kwa miguu?

Wiki mbili sasa mimi na jamaa nafanya naye kazi hatusikizani juu ya kitu kimoja, na nimeona niandike kwa sababu najua si sisi pekee. Tulipewa kazi ya kuchagua ruta za hosteli moja huku Roysambu, ghorofa tano, kuta za mawe ya kuchonga, vyumba vimebanana kama mahindi kwa gunzi, na mwenye nyumba anataka kujua ruta gani itafika mwisho wa koridoa na haitamkata mtu simu akipanda ngazi. Mimi nikasema tubebe ruta twende pale tutembee na simu tuone. Jamaa akasema hapana, hiyo ni kubahatisha, tufanye yote mezani, ruta iingie kwa boksi ya chuma, antena zitolewe, kebo ipite kwa atenyueta, tuzungushe mpaka ikatike, kwisha. Yaani umbali bila kwenda mahali.

Atenyueta, kama hujawahi kuishika, ni kidude kinachokula nguvu ya mawimbi ya redio yakipita kwa kebo. Kuna zile za kufunga tu, hii inakula desibeli 10 (desibeli ni kipimo cha nguvu, kila 10 zikiliwa nguvu inapungua mara 10), hii 30, na kuna za kuzungusha ama kuamrisha na kompyuta ziongeze ama zipunguze zenyewe. Hesabu nayo si ngumu. Kwa 2.4 GHz, moja ya bendi za waifai, mahali wazi bila ukuta, mita 1 ya kwanza pekee inakula desibeli 40 hivi, ukifika mita 10 zimekuwa 60, mita 100 ni 80, kilomita 1 ni 100. Kila ukienda mbali mara mbili unaongeza desibeli 6. Kwa 5 GHz ongeza zingine kama 7. Sasa kama mita 100 ni desibeli 80 na kidude changu kinakula desibeli 80, si basi niko na mita 100 hapa juu ya meza? Jamaa anasema ndio. Hapo ndio tulianzia kubishana.

Nianze na upande wake, kwa sababu nusu ya maneno yake imenishinda kujibu. Tulienda Roysambu Jumanne saa nne asubuhi, tukatembea na ruta mbili, moja ikashinda vizuri kabisa, nikaanza hata kuandika ripoti. Alhamisi jioni tukarudi, ngazi zilezile, simu ileile, na ile iliyoshinda ikashindwa. Kitu kilichobadilika ni watu kurudi nyumbani. Asubuhi wanafunzi walikuwa darasani, jioni kila chumba kina mtu, kila mtu ana simu, na ukiangalia chaneli 6 ya waifai utadhani ni Githurai siku ya soko. Hata miili yenyewe inakula mawimbi, mtu ni maji tu yanayotembea. Kwa hivyo nilichopima Jumanne haikuwa ruta, ilikuwa ni Jumanne. Na ukitaka kulinganisha ruta mbili, ama firimwea (programu ya ndani ya ruta) ya jana na ya leo kwa ruta moja, huwezi kufanya hivyo mahali ambapo kila kitu kingine pia kinabadilika. Ndani ya boksi nikirudia mara kumi napata majibu kumi yanayofanana, na hiyo pekee inatosha mtu kununua hivi vidude.

Lakini hebu niwaambie tulivyoijenga hiyo boksi, maana hapo ndio niliona mezani pia kuna uongo wake. Boksi ya maana ya kuzuia mawimbi ni ghali, sisi tukachukua debe la chuma la mfuniko, tukatoboa matundu mawili, moja la konekta na lingine la waya wa stima. Ruta ndani, leptopu kwa debe la pili, katikati kebo na atenyueta. Ya kwanza tukaifunga ya desibeli 30 ambayo haitoki, kwa sababu ukiunganisha redio mbili kwa kebo moja kwa moja ile inayopokea inapigiwa kelele sikioni, inaweza hata kuungua. Tukaanza kuzungusha. Desibeli 60, spidi safi. 80, safi. 95, bado safi. Jamaa anatabasamu, ati ruta ni kali. Mimi nikachukua tu spana nikafungua kebo, nikaiacha inaning'inia hewani bila kuguswa na kitu. Leptopu bado iko kwa waifai.

Tulicheka lakini haikuwa kicheko kizuri. Mawimbi yalikuwa yanatoka na ule waya wa stima, waya ukishapita kwa tundu bila filta ni antena kama antena zingine. Tulichopima muda wote ni kuvuja kwa debe. Dawa yake ikawa kuacha stima kabisa, tukaweka pawabenki ndani pamoja na ule waya wa kupandisha volti hadi 12 ambao watu hununua wasikatikiwe na waifai stima zikipotea, tundu tukaliziba na tepu ya foili. Baada ya hapo tukifungua kebo, leptopu inapotea papo hapo. Sasa mtu akiniletea matokeo ya mezani swali langu la kwanza ni hilo, ulifungua kebo ukaona? Kama hakufungua sina haja na grafu zake, hata ziwe na rangi saba.

Haya, tuseme debe halivuji. Bado kuna vitu vitatu ambavyo atenyueta haijui, na ndio vinanifanya nisikubaliane na jamaa mpaka mwisho.

Cha kwanza ni muda. Umbali si kuchoka kwa mawimbi tu, ni pia kuchelewa. Kila kilomita ni mikrosekunde 3.3 na kidogo. Kwa hosteli hiyo ni kitu bure, lakini kuna mafundi hapa Nairobi wanarusha intaneti kutoka mlimani hadi paa la jengo, chukua kutoka vilima vya Ngong hadi katikati ya jiji, ni kilomita 20 na ushei. Waifai ikituma pakiti inangoja kuambiwa imefika, na kwa kilomita 20 kwenda na kurudi ni zaidi ya mikrosekunde 130, wakati waifai ya nyumba huhesabu nafasi zake kwa mikrosekunde 9. Redio ambayo haijapangiwa umbali huo inachoka kungoja, inadhani pakiti imepotea, inatuma tena, na tena, spidi inaanguka na ukiangalia nguvu ya mawimbi iko sawa tu. Mezani na atenyueta hutaona hiyo shida hata ukeshe, kwa sababu kebo yako ina mita 2. Wanaotaka kuiga hilo hugeuza mawimbi kuwa mwanga wakaupitisha kwa bunda la faiba. Mwanga ndani ya faiba huchelewa zaidi, mikrosekunde 5 hivi kwa kilomita, kwa hivyo faiba ya kilomita 13 ama 14 inakupa Ngong hadi mjini ukiwa umekaa.

Cha pili ni kwamba kebo ni njia moja iliyonyooka. Ruta za siku hizi zina antena mbili, tatu, nne, na kila moja inatuma mazungumzo yake. Ukizifunga kila moja na kebo yake, mazungumzo hayachanganyikani kabisa, kila mtu ana simu yake ya peke yake, na ruta inakupa spidi ambayo haitawahi kukupa tena maishani. Kwa nyumba yale mawimbi yanagonga ukuta, yanagonga mabati, yanagonga friji, yanafika yamechelewa tofauti tofauti, mahali pengine yanasaidiana na mahali pengine yanauana. Weka simu juu ya meza halafu isogeze urefu wa kiberiti tu, sentimita 5 ama 6, ambayo ni nusu ya wimbi la 2.4 GHz, na nguvu inaweza kuanguka desibeli 20, hiyo ni mara 100. Ndio maana hao watu wa kupima kwa makini huweka kifaa kwa meza inayozunguka, na kile kipimo cha ruta za waifai cha 2019, TR-398, cha Broadband Forum, shirika la kampuni za intaneti, kinataka ruta izungushwe. Sisi tumenunua kile kisahani cha plastiki cha kupambia keki. Kinafanya kazi vizuri, tena bei ni ya chai na mandazi.

Cha tatu ndio kikubwa, mwendo. Jamaa yangu anaiga mtu anayetembea kwa kuongeza desibeli 1 kila sekunde. Inakaa poa kwa grafu, mstari umenyooka. Lakini hebu fuata hiyo hesabu. Tukianzia mita 10, baada ya sekunde 6 mtu yuko mita 20, sekunde 12 yuko 40, na baada ya dakika moja, desibeli 60 zimeongezeka, mtu wetu yuko kilomita 10. Kipchoge siku ile ya Vienna 2019 alipokimbia maratoni kwa 1:59:40 alikuwa anaenda kama mita 6 kwa sekunde, huyu wetu kwa zile sekunde 6 za mwisho anakula kilomita 5 nzima. Mtu wa kweli anayetembea mita 1 na nusu kwa sekunde anapoteza desibeli nyingi haraka akiwa karibu na ruta, na akifika mbali zinapungua polepole sana, halafu ghafla anapinda kona ya ngazi na desibeli 15 zinaenda mara moja. Simu inaamua kuhama ruta moja kwenda nyingine kwa kuangalia nguvu ya mawimbi inavyoshuka, kwa hivyo ukiipa mteremko wa uongo itakupa uamuzi wa uongo. Hii angalau inarekebishika, atenyueta mbili zinazoendeshwa na kompyuta, moja inapanda nyingine inashuka, na unazilisha rekodi ya mtu aliyetembea kweli badala ya mstari. Tumeshafanya hivyo na ni hapo tuligundua simu moja inang'ang'ania ruta ya chini hadi mtu afike ghorofa ya nne, utadhani ina deni huko.

Kuna pia ile habari ya Doppler, wimbi kubadilika kwa sababu mtu anakimbia, kama vile honi ya lori inabadilika sauti likikupita. Kwa mtu wa koridoa ni kitu ndogo, usipoteze usingizi. Kwa matatu kwa Thika Road ikienda ile kilomita 80 kwa saa ya gavana, kile kidude cha kuzuia mwendo kasi, ni kama Hz 60 kwa bendi ya 800 MHz, na ndio maana vipimo vya LTE, yaani 4G, vina mifano ya Hz 5, 70 na 300. Lakini watu huchanganya hapa, abiria na ruta ya ndani ya matatu wanaenda pamoja, kati yao hakuna mwendo wa maana, anayekimbia ni ruta dhidi ya mlingoti wa simu. Mashine ya kuiga haya yote vizuri, mwangwi na Doppler pamoja, ipo, ila bei yake ni ya gari, na si Probox.

Sasa nasimama wapi? Kwa kulinganisha, debe linashinda na nimekubali, Jumanne yangu na Alhamisi yangu haziwezi kubishana na debe lisilovuja. Ila jamaa anapochukua desibeli 80 na kuandika kwa ripoti "mita 100", hapo anadanganya hata kama hesabu ni sawa, kwa sababu hakuna mita 100 za namna hiyo Roysambu nzima. Aandike desibeli 80 aache hapo. Mimi nami niache kuandika "inafika ghorofa ya tano" kama nimepanda mara moja tu asubuhi, nipande na jioni, tena siku mbili. Mezani kwanza ndio tuondoe zile mbovu, halafu miguu kwa mbili zilizobaki. Jamaa anasema hiyo ni kazi mara mbili kwa malipo ya mara moja, na kwa hilo sina jibu zuri.

Juzi tukapeleka ripoti, desibeli tupu, nikiwa nimefuta mita zote kwa kalamu. Mwenye nyumba akasoma polepole mpaka mwisho, akavua miwani, akauliza, "Sasa hii desibeli themanini na tano, ni chumba namba ngapi?" Jamaa akaniangalia. Tulichukua simu tukapanda ngazi wote watatu.